Chura Mdomoni, Njuga Mpirani

Masikio yako wapi?
Haya, yashike. Yavute kidogo. Yameamka?
Vizuri. Hadithi hii ni ya masikio.

Nyamizi anaishi Tabora. Ana miaka sita. Mbele ana meno machache, lakini maneno anayo mengi.

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Nyamizi huinua mkono juu.
"Nina swali!"

"Nina swali! Kuku hana meno. Na mimi sina meno. Mbona ni mimi tu ninayeambiwa nipige mswaki?"

Bibi Kalunde hukuna kichwa. Halafu hujibu,
"Mke mwenzangu, kamuulize kuku."
Bibi humwita Nyamizi mke mwenza. Ndio utani wao.

Bibi Kalunde ana kigelegele. Kigelegele chake kinajulikana mtaa mzima. Harusi ikimkosa Bibi, watu husema harusi bado haijaanza.

Ali-li-li-li-liii!
Mbuzi hukimbia. Masufuria hutetemeka. Bwana harusi hudondosha keki.

Na Nyamizi amekirithi kigelegele hicho. Chote!

Kigelegele cha Nyamizi hakibishi hodi.
Kinaanzia tumboni.
Kinatekenya kifuani.
Kinapanda kooni.
Halafu... Ali-li-li-li-liii!

Dada yake Nyamizi anaitwa Kabula. Kabula ni mrefu. Ana mabega mapana. Anapenda karanga kuliko anavyompenda mtu yeyote.
"Isipokuwa wewe," humwambia Nyamizi. "Wewe nakupenda zaidi. Kidogo."

Kabula haoni. Hajawahi kuona tangu azaliwe.
Na Kabula anachezea timu ya taifa. Timu ya taifa kabisa! Jezi yake ina bendera kifuani.

Anacheza mpira wa njuga.
Unazijua njuga? Ni zile kengele ndogo ndogo ambazo wacheza ngoma huvaa miguuni. Sasa chukua njuga, zitie ndani ya mpira. Mpira ukibiringika, unaimba.
Cheng, cheng, cheng.

Huku wachezaji watatu. Kule wachezaji watatu. Hawa wanabiringisha mpira, wale wanajitupa chini kuuzuia. Ukiwapita, goli!

Hakuna anayeutazama mpira. Wote wanausikiliza.
Cheng, cheng, cheng.

Nyumbani, Kabula hufanya mazoezi uani. Nyamizi humbiringishia mpira.
Lakini mpira ukiwa unabiringika, Nyamizi haruhusiwi kusema hata neno moja.
Nyamizi! Hata neno moja!

Ndipo Kabula akatunga mchezo. Mchezo unaitwa Chura Mdomoni.

"Chura, chura, ingia!
Mdomo fumba, tulia!"

Unafumba mdomo. Unajaza mashavu. Puuu! Chura yumo ndani. Ukifungua mdomo, chura anaruka nje, na wewe umeshindwa.

Jaribu.
Umemhisi? Anakutekenya ulimi?

Sasa, mwaka huu kuna jambo kubwa. Michezo ya mataifa ya watu wenye ulemavu inafanyika Dodoma!

Wanakuja wakimbiaji wenye miguu ya chuma. Wanakuja waogeleaji wenye mkono mmoja. Wanakuja wanaocheza mpira wa kikapu kwenye viti vya magurudumu, vuuu, vuuu, vuuu.
Na timu ya Kabula imo.

"Nina swali," akasema Nyamizi. "Mkishinda fainali, mnapata nini?"
"Medali," akasema Kabula. "Lakini mimi sitaki medali tu. Nataka wimbo."
"Wimbo gani?"
"Wimbo wetu wa taifa. Wanaupigia washindi. Nimecheza mashindano mengi, nikasimama, nikasikiliza nyimbo za wenzetu. Nzuri. Lakini ni za wenzetu. Nataka kuusikia wa kwetu."

Nyamizi akamshika dada yake mkono.
"Utausikia," akasema.

Wakapanda treni. Bibi, Kabula na Nyamizi.
Kachaka-chaka, kachaka-chaka, kachaka-chaka.

Mbele yao alikaa bwana mmoja mwenye masharubu makubwa kama fagio. Akaitazama fimbo nyeupe ya Kabula. Akamgeukia Bibi.
"Mama, huyu binti anaitwa nani?"
"Muulize mwenyewe," akasema Bibi. "Mdomo anao."

Bwana Masharubu akakohoa.
"Maskini. Pole, binti."
Kabula akageuza uso.
"Pole ya nini? Nimejikwaa?"
"Hapana..."
"Nimemwagikiwa na chai?"
"Hapana, lakini..."
"Basi pole yako itunze. Nitakuja kuichukua siku nikijikwaa."

Kachaka-chaka, kachaka-chaka.

Bwana Masharubu akafikiri. Akajaribu tena.
"Lakini wewe ni shujaa! Umepanda treni!"
"Hata wewe umepanda treni," akasema Kabula. "Hongera sana."

Nyamizi akainua mkono.
"Nina swali! Na mimi nimepanda treni. Mbona mimi si shujaa?"

Bwana Masharubu akatafuna ncha ya sharubu lake.
Halafu akatoa pakiti ya karanga.
Kabula akaipokea. Karanga hazina ugomvi na mtu.
"Mimi naenda Dodoma kucheza, na fainali tutafika," akasema huku akitafuna. "Njoo. Lakini usije kunionea huruma. Njoo kutazama mpira."

Dodoma, wakacheza. Wakashinda.
Wakacheza tena. Wakashinda tena.
Mechi za mwanzo watazamaji walikuwa wachache. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Ukumbi ulikuwa kimya, mpira ukasikika vizuri.

Lakini habari zina miguu. Zikatembea sokoni. Zikatembea stendi. Zikaingia saluni, zikasukwa nywele, zikatoka.
"Jamani, mabinti wetu wameingia fainali!"

Siku ya fainali, Dodoma nzima ikaja.
Ikaja na ngoma. Ikaja na filimbi. Ikaja na bendera.
Bwana Masharubu akaja na vuvuzela ndefu kuliko mkono wake. Akakaa nyuma ya Nyamizi.
Puuuuu!

Na Bibi Kalunde akaja na kanga yake mpya. Kanga ilikuwa na maandishi makubwa:
NIACHENI NISHANGILIE.

Tanzania na Ghana.
Wachezaji wote wakafunikwa macho kwa miwani myeusi isiyopitisha hata mwanga.
"Nina swali!" akasema Nyamizi. "Hawaoni. Sasa wanafunikwa macho ya nini?"
Kabula alikuwa karibu, anafunga viatu. Akacheka.
"Wengine wanaona kidogo. Wengine hatuoni kabisa. Tukivaa hii, sote sawa. Hakuna kuchungulia!"
Halafu akasema taratibu, "Chura wako yupo?"
"Yupo," akasema Nyamizi.

Mtangazaji alikuwa kaka mwenye tai nyembamba. Akashika kipaza sauti.
"Watazamaji mnaombwa kudumisha utulivu pindi mchezo unapoendelea."
"Sawaaaaaa!" Dodoma nzima ikajibu.
Puuuuu!

Mwamuzi akainua mkono.
"Kimya, tafadhali!"

"Shhhhh!"
"Nyamazeni!"
"Nyamaza wewe kwanza!"
"Nani kasema ninyamaze?"
"Jamani, tumeambiwa kimya, mbona mnapiga kelele?"
"Wewe hizo zako ni nini, ni kimya?"

Ukumbi ulikuwa unanyamazishana. Na kunyamazishana kulikuwa na kelele kuliko kelele.

Mpira ukaanza.
Cheng, cheng, cheng.
Ghana wakabiringisha. Goli! Ghana moja.
Tanzania wakabiringisha. Goli! Moja kwa moja.

Ghana wakabiringisha tena. Mpira ulikuwa wa nguvu.
Cheng-cheng-cheng-cheng!
Kabula akasikia. Kabula akajitupa. Buu! Mpira ukamgonga tumboni. Kauzuia!

Nyamizi akaruka juu ya kiti.
Kikaanzia tumboni.
Kikatekenya kifuani.
Kikapanda kooni.
Chura! Nyamizi, chura!
Wapi.

ALI-LI-LI-LI-LIII!

Bibi akasikia. Akaungana naye. ALI-LI-LI-LI-LIII!
Bwana Masharubu akaungana nao. PUUUUUU!
Dodoma nzima ikalipuka.

Lakini mpira ulikuwa haujasimama.
Uligonga tumbo la Kabula, ukadunda pembeni. Ukabiringika nyuma yake, polepole, polepole, kama kobe anayekwenda kwa shangazi yake.
Cheng... cheng... cheng...

Kabula akageuza sikio huku. Akageuza sikio kule.
Alisikia vigelegele. Alisikia vuvuzela. Njuga hakuzisikia.

Mpira ukaingia golini.
Ghana mbili. Tanzania moja.

Ukumbi ukaguna. "Aaaaah!"
"Maskini, hakuuona mpira!"
"Pole, binti! Poleee!"

Nyamizi akakaa. Masikio yake yalikuwa ya moto.
Hakuuona? Kabula huwa hauoni mpira. Hajawahi kuuona hata mara moja. Na anauzuia!
Macho ya Kabula hayakuwa na kosa lolote.
Kosa lilikuwa kelele. Na kelele ilianzia hapa, kwenye mdomo wenye meno machache.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Mapumziko.
Kabula alikaa kwenye benchi, anakunywa maji.
Nyamizi akaufikiria ule wimbo. Wimbo ulikuwa unakwenda mbali. Unakwenda Ghana.

Nyamizi akashuka kwenye kiti.
"Unakwenda wapi, mke mwenzangu?" akauliza Bibi.
"Nina swali," akasema Nyamizi.

Akapita kati ya miguu mirefu. Akapita chini ya ngoma. Akafika mezani kwa mtangazaji. Akainua mkono.
"Nina swali! Kudumisha utulivu pindi mchezo unapoendelea ndiyo nini?"

Mtangazaji akalegeza tai.
"Ni... ni kutulia. Yaani, kunyamaza."
"Mbona hukusema hivyo?"
"Nimesema!"
"Umesema, lakini umesema kama barua. Watu wakakujibu sawaaa, wakaendelea. Nipe mimi."
Mtangazaji akamtazama. Akakitazama kipaza sauti. Akampa.

Fuu, fuu. Kinafanya kazi.
"Hamjambo! Mimi ni Nyamizi. Kabula ni dada yangu."
Watu wakageuka.

"Nani kalifunga lile goli la pili?"
"Ghanaaa!" watu wakajibu.
"Si Ghana! Nimelifunga mimi. Nimelifunga kwa mdomo. Na ninyi mmenisaidia!"
Watu wakatazamana.

"Ndani ya mpira kuna njuga. Dada anazisikiliza. Tukipiga kelele, hazisikii. Hata wale wa Ghana hawazisikii. Sasa mnampa dada pole ya nini? Amejikwaa?"
Watu wakatikisa vichwa.
"Dada hataki pole. Dada anataka kimya!"

Kule kwenye benchi, Kabula akaacha kunywa maji. Akainua kichwa.

"Sasa nitawapa chura," akasema Nyamizi. "Kila mtu achukue mmoja. Semeni kama mimi!

Chura, chura, ingia!
Mdomo fumba, tulia!"

Watoto ndio walioanza. Halafu wakubwa wakacheka. Halafu na wao wakasema.

"Chura, chura, ingia!
Mdomo fumba, tulia!"

Puuu! Mashavu yakajaa. Mashavu ya watoto. Mashavu ya muuza maji. Mashavu ya askari mlangoni. Mashavu ya waziri kwenye kiti cha mbele, ambaye ndiye aliyekuwa na mashavu makubwa kuliko wote.
Bwana Masharubu akaficha vuvuzela chini ya kiti. Mashavu yakajaa, masharubu yakasimama kama fagio lililoogopa.

Akabaki mmoja.
"Mimi?" akasema Bibi Kalunde. "Kalunde ninyamaze? Watu wa Tabora wakisikia?"
"Bibi. Chura."
"Chura wangu ni mkubwa, hatoshi."
"Bibi!"

Bibi akavuta pumzi. Akashika pindo la kanga yake. Akalichomeka lote mdomoni, NIACHENI yote, ikabaki NISHANGILIE peke yake inaning'inia nje.

"Kimya, tafadhali!" akasema mwamuzi.

Na kikawa kimya.
Kimya cha kweli. Mapangaboi ya darini yakasikika, fff, fff, fff. Kiatu kikasikika, kwii. Tumbo la mtu fulani likasikika, gruuu.
Na mpira.
Cheng, cheng, cheng.

Ghana wakabiringisha. Kabula akasikia. Kabula akazuia.
Kabula akabiringisha. Cheng-cheng-cheng-cheng!
Mchezaji wa Ghana akajitupa. Vidole vyake vikagusa hewa.
Goli! Prrriii!

Vyura wote wakaruka nje!
Ali-li-li-li-liii! Puuuuu! Dum-dum-dum!
Mbili kwa mbili!

Mwamuzi akainua mkono. Na safari hii hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Chura, chura, ingia!
Mdomo fumba, tulia!"

Puuu. Kimya.

Muda ukabaki kidogo. Kidogo sana. Kama chai iliyobaki chini ya kikombe.

Ghana wakabiringisha mpira wa nguvu kuliko yote.
Cheng-cheng-cheng-cheng!
Kabula akajitupa. Buu! Ukamgonga tumboni.
Ukadunda pembeni.
Ukaanza kubiringika nyuma yake. Polepole. Polepole. Kobe yule yule, shangazi yule yule.

Kigelegele cha Nyamizi kikaamka.
Kikaanzia tumboni.
Kikatekenya kifuani.
Kikapanda kooni.

Nyamizi akafumba mdomo. Kigelegele kikasukuma. Nyamizi akaziba mdomo kwa mkono mmoja. Kigelegele kikasukuma. Akaziba kwa mikono miwili. Macho yakatoka machozi. Chura alikuwa anaruka, anacheza, anapiga teke meno machache yaliyopo.
Rudi, chura. Rudi. Rudi.

Cheng...
Cheng...
Cheng...

Kabula akageuza sikio.
Akanyoosha mkono nyuma.
Vidole vikagusa mpira. Vikaushika.
Pa!

Akainuka. Akapiga hatua. Akajipinda. Akaubiringisha.
Cheng-cheng-cheng-cheng-cheng!
Ukapita kwa wa kwanza. Ukapita kwa wa pili. Ukapita kwa wa tatu.
Ukagonga wavu. Fwaa.

Na ukumbi...
Kimya.

Hakuna aliyepumua. Kila mtu alikuwa na chura wake mdomoni. Na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtoa!
Askari, kimya. Waziri, kimya. Bwana Masharubu, kimya. Bibi alikuwa na kanga.
Hata mwamuzi. Jamani, mwamuzi! Mashavu yamejaa, filimbi iko mkononi, kasahau kuipuliza.

Kabula akasimama katikati ya uwanja. Akageuza sikio huku. Akageuza sikio kule.
"Jamani," akasema. "Vipi? Imeingia?"

Nyamizi akaachia mikono.
"IMEINGIAAAA! ALI-LI-LI-LI-LI-LI-LIIIIII!"

Mwamuzi akashtuka. Prrriii! Prrriii! Prrriii! Mpira umekwisha!
Tanzania tatu. Ghana mbili.

Vyura wakatoka! Vyura wa Dodoma nzima!
Bibi akaitema kanga. ALI-LI-LI-LI-LIII! Puuuuu! Dum-dum-dum! Muuza maji akamkumbatia waziri. Waziri akamkumbatia muuza maji. Chupa zikamwagika, hakuna aliyejali.
Wachezaji wa Ghana na wachezaji wa Tanzania wakashikana mikono. Wakapigana mabega. Wakacheka.

Halafu watu wote wakasimama wima.
Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Walinyamaza wenyewe.
Na wimbo ukaanza.

Kabula aliweka mkono kifuani, juu ya bendera. Hakuimba. Alisikiliza tu. Alisikiliza kila chombo, kila sauti. Alimsikia Bibi, aliyekuwa mbele ya wimbo kwa mistari miwili.
Wimbo ulipokwisha, mashavu ya Kabula yalikuwa yamelowa.
"Huo ndio wetu," akasema.

Akavishwa medali. Medali za michezo hii zina chembe ndogo ndogo ndani, ili mwenyewe aisikie. Kabula akaitikisa sikioni.
Chiki, chiki.
"Mh! Dhahabu ina sauti nzuri," akasema.

Mlangoni, Bwana Masharubu alikuwa anasubiri. Alikuwa ameshika karanga mkono mmoja, vuvuzela mkono wa pili.
"Binti Kabula," akasema. "Pole..."
Nyamizi akainua mkono. "Nina swali! Pole ya ni..."
"Subiri kwanza, mtoto, sijamaliza! Pole... na kazi."

Kabula akafikiri. Akatabasamu mpaka masikioni.
"Eee! Hiyo naipokea. Nimeshapoa. Na karanga pia nazipokea."

Usiku ukaingia. Chumba cha kulala wageni kilikuwa kidogo. Kitanda cha Bibi huku, kitanda cha Kabula na Nyamizi kule. Mabegi katikati.
Bibi akazima taa.
Ta!
Giza.

Kabula akapita kati ya mabegi. Chap, chap, chap. Akafika kitandani.
Bibi naye akapita kati ya mabegi.
KDUUUM!
"Uwiii!"


"Bibi," akasema Kabula kutoka kitandani, "umejikwaa?"
"Nimejikwaa."
"Pole sana, Bibi."
"Asante, mjukuu wangu. Hiyo pole ni halali yangu kabisa."
Na wote watatu wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta, ko, ko, ko.

Nyamizi akajifunika shuka mpaka kidevuni.
"Dada. Nina swali."
"Uliza."
"Ulinisikia nikipiga kigelegele?"
"Nani hakukusikia? Mbuzi wa Tabora wamekusikia."

"Dada. Nina swali lingine. Kabla ya pale... nilipokuwa na chura..."
"Hapo ndipo nilipokusikia vizuri zaidi," akasema Kabula.
"Lakini nilikuwa nimenyamaza!"
"Ndiyo. Nilikusikia ukinyamaza."

Nyamizi akatabasamu gizani. Alitaka kuuliza, mtu anasikikaje akinyamaza? Alikuwa na maswali mengine pia, kama matatu, au manne. Lakini miayo ikaingia kabla ya swali.

Kabula akamwekea medali kifuani. Nyamizi akapumua. Medali ikapanda, medali ikashuka.
Chiki... chiki...

"Chura, chura, ingia," akanong'ona Kabula.
"Mdomo fumba..." akanong'ona Nyamizi.
Hakumaliza. Alikuwa ameshalala.

Chiki...
Chiki...

Haya. Masikio yaachie sasa.
Yamesikiliza mpira, yamesikiliza wimbo, yamesikiliza hata kimya.
Poleni na kazi, masikio.
Laleni.